Maboksi ya Lilly Rush

Muulize shabiki yeyote wa Cold Case ni sehemu gani anaipenda kuliko zote. Atakutajia mwaka: ile ya 1932, ile ya 1964, ile ya polisi wawili wa 1968. Atakutajia wimbo uliopigwa mwishoni. Anaweza hata kukuonyesha vile mzee fulani aligeuza shingo na kwa sekunde moja tukamwona tena akiwa kijana. Sasa muulize nani aliua. Hapo ataanza kujikuna kichwa. "Si alikuwa yule rafiki yake? Ama shemeji?"

Kwa tamthilia ya upelelezi, hilo ni jambo la kushangaza. Hadithi za aina hii zinaishi kwa swali moja tu, nani aliua, na ukishajibiwa huna sababu ya kurudi. Lakini Cold Case watu wanairudia, na wanalia palepale walipolia mara ya kwanza. Nimeitazama upya nikiwa na swali hilo: tunarudia nini hasa, ikiwa muuaji tunamsahau? Naona tumekuwa tukiitafuta maana yake mahali si pake. Muuaji ni kisingizio. Hii ni tamthilia ya mashahidi, yaani watu waliojua, wakanyamaza, wakazeeka.

Kwa wale ambao haikuwapata: Cold Case ilianza kuonyeshwa Marekani kwenye runinga ya CBS mnamo Septemba 2003 na ikaisha Mei 2010, misimu 7, sehemu 156. Aliyeiunda ni Meredith Stiehm, ambaye baadaye aliandika Homeland. Iko Philadelphia, kwenye kitengo cha polisi cha mauaji, na mhusika mkuu ni mpelelezi Lilly Rush, aliyeigizwa na Kathryn Morris. Kazi yake ni kesi za zamani ambazo hazikuwahi kupata jibu. Pembeni yake kuna Scotty Valens, Nick Vera, Will Jeffries, bosi wao John Stillman, na baadaye Kat Miller.

Kila sehemu ina mpangilio uleule. Tunaanza zamani, na marehemu bado ana uhai: anacheka, anacheza, anapanga kesho yake. Kisha tunamwona amelala chini. Kisha tunaruka hadi leo, mtu anakuja ofisini na neno jipya, na boksi linashushwa kutoka kwenye rafu. Lilly anaenda kubisha milango. Kila anayefunguliwa mlango anakumbuka kidogo, na kila kumbukumbu inaturudisha enzi ile, na muziki wake, nguo zake, hata rangi ya picha. Mwishoni mtu anakiri, wimbo wa mwaka ule unaanza, boksi linarudishwa likiwa limeandikwa kwamba kesi imefungwa, na marehemu anatokea kwa mbali, anamtazama anayemkumbuka, kisha anatoweka.

Ukiisoma hivyo kwenye karatasi unaona ni fomula. Na ni fomula kweli, hatuna haja ya kubishana. Ila fomula pia ni ahadi. Mtazamaji wa Cold Case anajua kabisa zile dakika tatu za mwisho zinakuja, na anazingoja kama watu wanavyongoja kibwagizo kanisani.

Nyimbo zenyewe zilikuwa nyimbo halisi za enzi husika, si za kuiga. Kuna sehemu moja ya msimu wa tatu ambayo muziki wake wote ni wa Bruce Springsteen. Uamuzi huo uligharimu. Kwa sababu ya haki za nyimbo, kwa miaka mingi tamthilia hii haikuwahi kutolewa kwenye diski rasmi. Kwa hivyo kama uliitazama kwa diski uliyonunua mtaani, kwenye lile duka la muvi lenye mabango yaliyofifia, jua ulinunua kitu ambacho kampuni yenyewe haikuwa nacho sokoni. Mtu fulani aliirekodi kutoka kwenye runinga, na ikasafiri mkono kwa mkono. Naona kuna haki fulani hapo. Hadithi kuhusu vitu vilivyosahaulika kwenye rafu zilibaki hai kwa sababu watu wa kawaida walikataa kuzisahau.

Turudi kwa mashahidi. Sehemu ya kwanza kabisa, Look Again, ndiyo inayoweka msingi. Msichana aliuawa mwaka 1976 nyumbani kwa familia tajiri. Miaka mingi baadaye, anayeingia kituoni kumtafuta mpelelezi ni mwanamke aliyekuwa mfanyakazi wa nyumba hiyo. Ni mgonjwa sasa, na hataki kufa na alichokiona. Fikiria ni nani amepewa ufunguo wa tamthilia nzima. Hajapewa daktari wa maabara wala mwanasheria. Amepewa mama aliyekuwa akifua nguo na kupika, aliyekuwepo kila siku na ambaye hakuna aliyemwona kama mtu wa kuulizwa. Anayejua nyumba za watu wa Nairobi zinavyoendeshwa hahitaji kuelezwa. Dada wa kazi anajua nani alirudi saa ngapi, nani alilia bafuni, damu ilitoka wapi. Na anajua pia kwamba akifungua mdomo, kesho hana kazi.

Hapo ndipo Cold Case inaachana na ndugu yake, CSI. Zote mbili zilitengenezwa chini ya mtayarishaji mmoja, Jerry Bruckheimer, kwa runinga hiyohiyo. Lakini CSI inaamini vitu. Unywele, nyuzi za zulia, tone la damu, kila kitu kinasema ukweli na binadamu ndiye mwongo. Cold Case nayo ina vielelezo vyake, mara barua, mara picha, mara kiatu, lakini vielelezo hivyo ni vya kufungulia mazungumzo tu. Lilly anamwekea mtu picha mezani, kisha anangoja. Silaha yake kubwa ni kukaa kimya mbele ya mtu aliyechoka kunyamaza.

Na ukiangalia vizuri, utaona kwamba mara nyingi kilichobadilika tangu siku ya mauaji si ushahidi. Ushahidi ulikuwepo, umekaa kwenye kichwa cha mtu. Kilichobadilika ni bei ya kusema. Mke aliyemlinda mumewe alishaachana naye. Bosi aliyeogopwa alishakufa. Mtoto aliyetishwa ni mtu mzima na ana watoto wake. Jambo ambalo mwaka 1964 lingekuvunjia jina, leo unaweza kulisema mbele ya mpelelezi na dunia isianguke. Waandishi wa tamthilia hii walielewa jambo ambalo hadithi nyingi za polisi hazijali kulielewa: kesi nyingi hazikosi jibu kwa sababu muuaji alikuwa mjanja. Zinakosa jibu kwa sababu waliojua walipiga hesabu, wakaona kusema kutawagharimu kuliko kunyamaza.

Ndiyo maana sehemu ambazo mashabiki hawaziachi ni zile ambazo kimya kimefunika mambo mawili kwa mpigo. Chukua A Time to Hate. Mchezaji wa besiboli aliuawa mwaka 1964 nje ya baa ya mashoga, na mama yake, ambaye sasa ni mzee, anataka kujua kabla hajaondoka duniani. Waliokuwa na kijana wake usiku ule walikuwa na sababu mbili za kufunga midomo. Kuueleza mauaji kulimaanisha kueleza wao wenyewe walikuwa wakifanya nini pale. Best Friends inarudi hadi 1932, mapenzi ya wasichana wawili katika enzi ambayo hayakuwa hata na jina la heshima, na Piper Laurie anamwigiza mmoja wao akiwa bibi kizee. Anapozungumza huoni shahidi akitoa taarifa. Unaona mtu ambaye hakuwahi kuruhusiwa kuomboleza. Alifiwa, na hakuna aliyejua kwamba amefiwa.

Kisha kuna Forever Blue ya msimu wa nne, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kilele. Polisi kijana anauawa ndani ya gari la doria mwaka 1968. Mwenzake wa gari hilo anabaki hai, anazeeka, na kwa karibu miaka 40 hasemi kwamba yeye na marehemu walipendana. Jibu la kesi linapatikana ndani ya sare ya polisi yenyewe. Ile ile idara inayochunguza ndiyo iliyonyamaza. Ni mojawapo ya nyakati chache ambazo tamthilia hii inakubali kujigeuzia kidole.

Nasema nyakati chache kwa sababu hapa ndipo mapenzi yetu ya mashabiki yanapaswa kusimama kidogo na kuuliza maswali magumu.

La kwanza ni zamani yenyewe. Cold Case inapenda sana kutuonyesha ubaya wa enzi zilizopita: ubaguzi wa rangi, chuki dhidi ya mashoga, wanawake waliofungiwa njia zote. Inauonyesha vizuri na bila kuogopa. Lakini ikirudi leo, leo ni safi mno. Wapelelezi wa mwaka 2005 hawana ubaguzi, wanashtuka kwa niaba yetu, na sisi tunashtuka pamoja nao tukiwa tumeegemea sofa. Ukizitazama nyingi mfululizo, unaweza kuamini kwamba ukatili ni kitu cha picha za rangi ya kahawia. Will Jeffries, mpelelezi mweusi aliyeigizwa na Thom Barry, ndiye anayeharibu starehe hiyo. Uso wake unatukumbusha kwamba miaka ya sitini si historia, ni utoto wa mtu aliyekaa hapo ofisini. Natamani wangempa nafasi zaidi.

La pili ni kubwa kuliko hilo. Katika Cold Case, karibu kila mtu anakiri. Anaketi kwenye kile chumba, Lilly anamwambia kwa upole alichokifanya, macho yanalowa, na maneno yanatoka. Tamthilia inaamini kwamba dhambi ni mzigo na kwamba kila anayeubeba hatimaye atachoka. Ni imani nzuri. Ila sijui kama ni kweli, na nadhani Philadelphia yenyewe inatoa jibu tofauti.

Msimu wa kwanza una sehemu inayoitwa The Boy in the Box, iliyochukua mwanga wake kutoka kesi halisi ya jiji hilo. Februari 1957, mwili wa mtoto mdogo wa kiume ulipatikana ndani ya boksi la katoni eneo la Fox Chase. Picha yake ilisambazwa kila mahali. Hakuna aliyejitokeza kusema huyu ni wetu. Alizikwa bila jina. Katika tamthilia, Lilly na wenzake wanafika kwenye jibu kabla ya saa kuisha, kwa njia ileile ya kubisha milango na kungoja watu waseme. Katika maisha, watu hawakusema. Miaka ilipita, wapelelezi wakastaafu, wengine wakafa wakiwa bado wanaiulizia. Jina la mtoto lilipatikana Desemba 2022, miaka 65 baadaye, na lililolileta ni vinasaba na utafiti wa koo. Wazazi wake walikuwa wameshafariki. Aliyemuua bado hajatajwa.

Weka hizo mbili kando kwa kando. Tamthilia iliyoweka imani yake yote kwa mashahidi, na kesi halisi ambayo mashahidi walienda nayo kaburini. Sisemi hivyo kuishusha Cold Case. Nasema hivyo kwa sababu inatuonyesha tunalia nini. Tunalilia kitu ambacho tamthilia inatupa kila wiki na dunia haitupi: kwamba aliyejua atafungua mlango, atakaa chini, atasema.

Na mtazamaji wa Kenya ana sababu zake za ziada za kulia. Sisi tuna maboksi yetu. Pio Gama Pinto alipigwa risasi Nairobi Februari 1965. Mtu mmoja alifungwa kwa ajili yake, akatoka mwaka 2001 akisisitiza kama siku ya kwanza kwamba hakuua, na waliopanga hawajawahi kufikishwa mahakamani. J.M. Kariuki alionekana kwa mara ya mwisho Machi 1975 kwenye hoteli ya Hilton, mwili wake ukapatikana Ngong. Kamati ya bunge ilichunguza na kuandika ripoti, na hakuna aliyehukumiwa. Robert Ouko aliuawa Februari 1990. Mpelelezi John Troon aliletwa kutoka Scotland Yard, tume ikaundwa, na mwaka 1991 tume hiyo ikavunjwa kabla haijamaliza kusikiliza.

Soma tena orodha hiyo kwa macho ya shabiki wa Cold Case. Hakuna boksi hata moja lililosahauliwa kwenye rafu. Yote yalifunguliwa. Mashahidi waliitwa, wengine walisema, magazeti yakaandika. Kisha mkono fulani ukafunika boksi katikati ya sentensi. Cold Case haina hadithi ya namna hiyo, kwa sababu imejengwa juu ya dhana kwamba mwisho wa korido kuna ofisi inayotaka kujua ukweli. Upungufu pekee ni muda na kumbukumbu. Sisi huku kumbukumbu tunazo tele. Watu wanajua, ama wanadai kujua. Ingia matatu yoyote ya masafa marefu na uanzishe stori ya Ouko uone kama utamaliza safari bila kuambiwa nani, wapi na kwa nini. Kinachokosekana ni ile meza ambayo ukiyasema hayo mbele yake, yanakuwa na uzito.

Ndiyo maana nasema bei ya kusema ndilo wazo bora zaidi la tamthilia hii, hata kuliko zile nyimbo. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Mashahidi mwaka 2006, wakati Lilly Rush akiwa bado kazini kwenye runinga. Sheria hiyo yenyewe ni kukiri kwamba hapa mtu akisema anaweza kuzikwa. Hivyo tukimwona mzee wa Philadelphia akifungua mlango, akikaribisha wapelelezi sebuleni na kusimulia, sehemu ya machozi yetu ni wivu. Tunalionea wivu lile boksi, na ule mlango unaofunguka bila mtu kuchungulia kwanza kama kuna gari limepaki nje.

Lakini Cold Case ina mhusika mmoja ambaye kukiri hakumponyi, na ni Lilly mwenyewe. Anaishi peke yake na paka wawili, mmoja ana miguu mitatu, mwingine jicho moja. Alikulia mtaa wa Kensington na mama mlevi, na tunakuja kujua kwamba akiwa mtoto alitumwa usiku kununua pombe, akashambuliwa njiani. Anasikiliza siri za jiji zima na yake anaitoa kwa shida mno, tena mbele ya muuaji aliyemshikia bunduki mwishoni mwa msimu wa pili. Baada ya kuisema, maisha yake hayanyooki. Uhusiano wake na mama na dada yake unabaki mgumu. Kathryn Morris anamwigiza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha aliyelala chumba cha pili, na huo utulivu ndio unaoikosoa fomula kutoka ndani. Wengine wanasema na kuwa wepesi. Yeye anasema na kesho yake anaamka kwenda kazini.

Mashabiki bado wanalalamika kwamba tamthilia ilikatizwa mwaka 2010 bila kuagwa vizuri. Sehemu ya mwisho haikufunga maisha ya Lilly, haikumpa ndoa wala kaburi, na ule mjadala wa kama yeye na Scotty wangeishia pamoja bado unaweza kugombanisha watu wazima. Mimi sina kinyongo. Baada ya mara 155 za kuambiwa kwamba kila kitu hufungika ukikaa na watu vya kutosha, haikuwa vibaya kuachwa mara moja mlangoni bila jibu.

Ukitaka kuianza, usianze na zile za muuaji wa mfululizo, hizo utazipata kwenye tamthilia nyingine kumi. Anza na Look Again, halafu A Time to Hate, halafu ruka hadi Forever Blue. Na ukitazama usijisumbue kukisia nani aliua, mara nyingi utapatia kabla ya nusu saa. Hesabu waliojua. Katika kila sehemu huwa zaidi ya watatu.